Tangazo Lisikukute Hujajiandaa: Somo kwa Wahitimu Wanaotafuta Nafasi za Ukurufunzi

Tangazo la kazi likitoka Ijumaa, mara nyingi makataa yake huwa wiki mbili au tatu. Hebu tuhesabu pamoja. Mhitimu anayeishi Mutuati, Igembe Kaskazini, anapata habari hiyo Jumatatu kupitia picha aliyotumiwa na rafiki kwenye simu. Jumanne anagundua kwamba nakala yake ya matokeo bado iko chuoni. Jumatano anasafiri kuifuata na kuambiwa kuwa afisa wa kutia sahihi yuko mkutanoni, arudi wiki ijayo. Wiki ya pili anakumbuka kuwa jina lililo kwenye kitambulisho chake halifanani na lililo kwenye cheti cha KCSE. Siku ya mwisho, saa nne usiku, yuko ndani ya saiba mjini Maua. Foleni ni ndefu, na tovuti inazunguka tu bila kufunguka.

Kijana huyu hakukataliwa na jopo lolote. Hakuna jopo lililomwona.

Ukimuuliza mhitimu anajiandaa vipi kwa nafasi hizi, atakuambia anasoma maswali ya mahojiano. Lakini mahojiano ndiyo hatua ya mwisho. Kabla yake kuna fomu, kuna stakabadhi, kuna mtihani na mara nyingine kikao cha kikundi, na kila hatua ni chujio. Somo hili linazifuata hatua hizo kwa mpangilio wake, na litakaa zaidi pale ambapo vijana wetu wa Meru na wenzao wa Embu hupoteza alama ambazo wangeweza kuzipata.

Ukurufunzi si uanagenzi

Jua kwanza unaomba nini. Mafunzo ya viwandani hufanywa na mwanafunzi akiwa bado chuoni na ni sehemu ya masomo yake. Uanagenzi, kama ule unaoendeshwa na Tume ya Utumishi wa Umma (PSC), ni wa miezi 12. Mwanagenzi hulipwa posho wala si mshahara, na hakuna ahadi ya kazi muda huo ukiisha. Ukurufunzi wa wahitimu, ambao matangazo huuandika kwa Kiingereza "graduate trainee" au "management trainee", ni jambo jingine. Hapa mwajiri anakuajiri kwa mkataba, anakulipa mshahara na kukuzungusha katika idara mbalimbali kwa mwaka mmoja au zaidi, akitarajia kwamba baadaye utasimamia watu na kazi. Mamlaka ya Ushuru (KRA) huchukua wakurufunzi wa aina hii na ina chuo chake cha kuwafunza, KESRA. Safaricom huuita mpango wake Discover. Mabenki, kampuni za bima na viwanda vina mipango kama hiyo, kila kimoja kwa jina lake.

Tofauti hii ina uzito. Anayeajiri mkurufunzi hanunui ujuzi ulio nao leo, ananunua kasi yako ya kujifunza. Ndiyo maana anakupa mitihani na mazoezi badala ya kukuuliza umefanya kazi miaka mingapi. Na ndiyo maana matangazo mengi huweka kikomo cha umri, au cha miaka tangu uhitimu, pamoja na kiwango cha shahada, mara nyingi daraja la pili la juu. Maana yake ni kwamba dirisha hili halikai wazi. Mtu anaweza kuomba kazi ya kawaida akiwa na miaka arobaini, lakini nafasi ya ukurufunzi ana misimu michache tu ya kuijaribu. Kupoteza mmoja kwa sababu ya karatasi ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana siku hiyo.

Kabrasha lisilosubiri tangazo

Tafuta kabrasha, hata la shilingi mia, uweke ndani kitambulisho cha kitaifa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, cheti cha shahada, nakala kamili ya matokeo ya chuo na PIN ya KRA. Ukimaliza, zilaze zote mezani na usome jina lako kwenye kila moja, herufi kwa herufi.

Hapa ndipo wengi hushtuka. Huku kwetu mtoto huandikishwa shule kwa jina la ubatizo na la babu, akienda kuchukua kitambulisho huongeza la baba, na karani naye huandika "Kinya" mahali pa "Kinyua". Mwajiri anayepokea maelfu ya maombi hana muda wa kukisia kama ni mtu mmoja. Tofauti ndogo ya tahajia huweza kuelezwa kwa hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilishwa kabisa huhitaji hati rasmi ya kubadilisha jina. Kazi hii huchukua wiki, wakati mwingine miezi, kwa hiyo ianze leo.

Kuna pia stakabadhi za uadilifu zinazohusishwa na Sura ya Sita ya Katiba, ambazo waajiri wa umma huzitaka: cheti cha nidhamu njema kutoka Idara ya Upelelezi (DCI), cheti cha kulipa ushuru kutoka KRA, idhini ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), fomu ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), na ripoti ya shirika la marejeleo ya mikopo, lile tunaloliita CRB. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri aziombe tu pale anapokusudia kukupa mkataba wa maandishi. Marekebisho hayo yaliwaokoa wengi na gharama ya kulipia vyeti kwa kazi wasizopata. Hata hivyo, soma tangazo lenyewe linasema nini, na ujue hali yako mapema hata kama hujachukua cheti. Mkopo wa simu wa shilingi elfu tatu ulioupuuza ukiwa mwaka wa pili chuoni huweza kukurudia wakati ambao huna hata nauli. Alama za vidole kwa ajili ya cheti cha nidhamu njema huchukuliwa katika vituo vya Huduma, na mjini Meru na mjini Embu vipo.

Usijaribu kuziba pengo kwa cheti cha kutengenezwa. Februari 2024 PSC ilitoa ripoti iliyoonyesha zaidi ya watumishi 2,000 wa umma walioajiriwa kwa vyeti ghushi, na EACC ikatakiwa kuwafuatilia hadi kurudisha mishahara waliyolipwa. Fikiria kudaiwa mshahara wa miaka kumi uliokwisha kuula.

Mwisho wa kabrasha ni baruapepe. Fungua yako mwenyewe, yenye jina lako, na nywila unayoikumbuka bila kumuuliza mtu. Wapo vijana ambao fomu yao ilijazwa saibani kwa baruapepe na nambari ya simu ya mhudumu. Mwaliko wa mtihani ukaenda kwa mhudumu, naye alikuwa amehamia mji mwingine. Piga picha safi za stakabadhi, au zipitishe kwenye mashine, kisha uzihifadhi kama faili za PDF zenye majina yanayoeleweka.

Kusoma tangazo kama mkataba

Matangazo ya serikali ya kitaifa na mashirika yake hutokea kwa wingi kwenye jarida la MyGov, linalotoka kila Jumanne, na kwenye tovuti za taasisi zenyewe. Kwa upande wa kaunti, kifungu cha 66 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo. Kwa hiyo tazama tovuti, tazama ubao wa ofisi ya kaunti ndogo, na usione aibu kumuuliza chifu.

Kifungu cha 65 cha sheria hiyohiyo kina jambo ambalo wahitimu wetu hawalitumii inavyofaa. Kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia katika kaunti zijazwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi hapo. Wengi husoma kifungu hiki kama kitu kinachowapunguzia nafasi nyumbani. Kisome upande wa pili: kinakufungulia mlango Isiolo, Laikipia, Kitui na Garissa. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, au wa Chuo Kikuu cha Embu, anayeomba nyumbani peke yake amejifungia nje mwenyewe.

Ukilipata tangazo, lipigie mstari. Neno "lazima" ni lazima kweli, ilhali "itakuwa faida" maana yake ni kwamba unaweza kuomba hata kama huna. Kama linataka usajili wa kitaaluma, mhandisi awe amejiandikisha kwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama mhandisi mhitimu, na wa uhasibu aseme wazi amefikia hatua gani ya mitihani ya KASNEB. Kama linataka nambari ya marejeleo iandikwe juu ya barua, iandike. Ni jambo dogo kiasi kwamba linaudhi kulisema, lakini karani wa kuchuja haangalii kipaji chako. Anaangalia kama ulifuata maagizo.

Wasifukazi wa mhitimu utoshee kurasa mbili. Usijaze "mchapakazi" na "mwaminifu". Hakuna aliyewahi kuandika kuwa yeye ni mvivu. Andika ulichofanya na kiasi chake. Uliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha vijana kanisani, ulisimamia pesa ngapi na za watu wangapi? Uliyesimamia shamba la miraa la nyumbani mzazi akiwa mgonjwa, ulilipa wachumaji wangapi kila wiki? Hiyo ni kazi, na ina hesabu. Na warejelewa wako waambie mapema. Mhadhiri anayepigiwa simu na kuuliza "Nani huyo?" amekuharibia bila kukusudia.

Mtihani wa uwezo

Mtihani huu hufanywa kwenye kompyuta, na adui yake mkubwa ni saa. Maswali si magumu kuliko hesabu ya kidato cha nne, ila unapewa kama dakika moja kwa kila moja. Jaribu haya, ukiwa umeweka simu yako ihesabu dakika.

Kituo cha kununulia majani chai kilipokea kilo 4,800 Jumatatu, kilo 5,400 Jumanne na kilo 4,200 Jumatano. Mapokezi yaliongezeka kwa asilimia ngapi kutoka Jumatatu hadi Jumanne? Yalipungua kwa asilimia ngapi kutoka Jumanne hadi Jumatano? Na ikiwa kilo 4.5 za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyosindikwa, siku hizo tatu zitatoa kilo ngapi?

Jibu la kwanza ni 12.5, kwa sababu ongezeko la kilo 600 linagawanywa kwa 4,800. La pili ni kama 22.2, kwa sababu upungufu wa kilo 1,200 unagawanywa kwa 5,400. Mtego uko hapa: aliyegawanya kwa 4,800 mara zote mbili alipata 25, na jibu hilo la uongo huwa limewekwa miongoni mwa machaguo likimsubiri. Asilimia huhesabiwa kutoka mahali ulipoanzia. La tatu: jumla ni kilo 14,400, zikigawanywa kwa 4.5 zinakuwa 3,200.

Sehemu ya lugha ina mtego wa namna yake. Soma: "Vyama vyote vya ushirika vilivyowasilisha hesabu zao kabla ya Juni vilikaguliwa. Chama cha Kijijini kilikaguliwa." Je, Chama cha Kijijini kiliwasilisha hesabu kabla ya Juni? Machaguo ni kweli, si kweli, au haiwezi kujulikana. Wengi wetu tutasema kweli. Jibu sahihi ni kuwa haiwezi kujulikana, maana habari haikusema kwamba waliochelewa hawakukaguliwa. Mtihani huu unapima kama unaweza kujizuia kuongeza usichosoma. Hata unachokijua kuhusu ushirika kutoka nyumbani kiache mlangoni.

Kisha kuna maswali ya hali za kazini. Mkulima analalamika kwamba mizani imemwibia kilo mbili. Msimamizi hayupo. Mwenzako mzoefu anakunong'oneza, "Andika tu, foleni ni ndefu." Utafanya nini? Kuandika na kunyamaza ni kosa. Kufunga kituo mpaka msimamizi arudi pia ni kosa, ingawa kunaonekana kama uadilifu. Anayetafutwa ni yule atakayepima upya mbele ya mkulima, aandike tofauti iliyoonekana, aendelee na foleni, kisha amjulishe msimamizi. Kwa maneno mengine, fanya lililo ndani ya uwezo wako, weka kumbukumbu, toa taarifa.

Mazoezi ya bure ya mitihani hii yapo kwenye intaneti. Asiye na kompyuta atumie maktaba. Wiki tatu za nusu saa kila siku hubadilisha alama kuliko usiku mmoja wa kukesha.

Kikao cha kikundi

Waajiri wengine hukusanya waombaji sita au wanane chumbani, wakawapa tatizo la kutatua pamoja, huku maafisa wamekaa pembeni wakiandika. Njia hii ilitoka jeshini. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Uingereza lilianza kuchagua maafisa kwa kuwatazama wakifanya kazi pamoja badala ya kuangalia ukoo na shule waliyosoma. Mwaka 1956 kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani ikaichukua kwa ajili ya mameneja wake. Lengo halijabadilika: kuona unavyofanya, si kusikia unavyojisifu.

Vijana wetu hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Yupo anayefikiri ni mkutano wa kampeni, akazungumza bila kumeza mate. Na yupo, hasa aliyelelewa kuwaachia wakubwa neno, anayekaa kimya kwa heshima mpaka muda unakwisha. Wa pili huwa na mawazo mazuri zaidi, lakini karatasi ya afisa haina mahali pa kuandika mawazo yasiyosemwa. Sema jambo katika dakika tano za mwanzo, hata kama ni dogo: "Tuna dakika thelathini, tugawane kumi za kuelewa tatizo." Mkaribishe aliyenyamaza. Mwenzako akitoa wazo bora kuliko lako, lichukue waziwazi.

Mahojiano: "mimi" iliyofichwa ndani ya "sisi"

Jopo la siku hizi halitaki sana kujua utafanya nini siku moja. Linauliza ulifanya nini. "Tueleze wakati ulipotatua tatizo." Jibu lenye mifupa lina sehemu nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua, na matokeo.

Linganisha majibu mawili kwa swali hilo. La kwanza: "Mimi hupenda sana kutatua matatizo. Kule kwetu tulikuwa na shida kwenye kiwanda cha kahawa, tukashirikiana kama kikundi, na mambo yakawa mazuri." La pili: "Wakati wa mavuno nilisaidia kwenye kiwanda cha kahawa cha chama chetu, karibu na Runyenjes. Wakulima walikuwa wakisubiri hadi usiku kupimiwa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kila mkulima kwenye daftari. Niliona kwamba tunatafuta kwa majina, na watu wengi wana majina yanayofanana, hivyo kila mmoja anachukua dakika kadhaa. Nilimwomba karani ruhusa nikalipanga upya daftari kwa nambari za uanachama, nikaifanya kazi hiyo jioni mbili. Wiki iliyofuata foleni ilikuwa ikiisha saa kumi alasiri. Kosa langu ni kwamba sikuwaeleza wazee mapema walete kadi zao, kwa hiyo siku ya kwanza ilikuwa na kelele."

Huenda watu hawa wawili walifanya kazi ileile. Wa kwanza amepata alama moja au mbili, kwa sababu mhoji hakupata cha kuandika. Wa pili amejaza karatasi, na kule kukiri kosa kumemfanya aaminike.

Tatizo hapa si ujinga, ni malezi. Tumefunzwa kwamba kusema "nilifanya" ni majivuno, na kwamba kazi ni ya wote. Nyumbani hilo ni adabu, na sitaki mtu aliache. Lakini mhoji anajaza fomu yenye jina lako peke yake. Njia ya kati ipo: taja wenzako kwa haki, kisha useme sehemu yako bila kuipamba. "Tulikuwa watu wanne, mimi nilishughulikia daftari." Andaa visa sita vya kweli vya aina hiyo, vikiwemo viwili vya mambo yaliyokwenda vibaya, na uvisimulie kwa sauti mbele ya ndugu yako. Kuvisoma kimya hakutoshi. Mahojiano mengi huwa kwa Kiingereza, na ulimi usiozoea hukwama mahali ambapo akili haikukwama. Lafudhi ya Kimeru au ya Kiembu isikutie hofu, mradi unasikika na huharakishi.

Soma pia kuhusu mwajiri. Anayeomba nafasi KenGen na anatoka Kiritiri amekua karibu na mabwawa ya Seven Forks, lakini je, anaweza kuyataja? Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Je, anajua kwa nini Masinga, lililo juu ya mengine, hutunza maji kwa ajili ya yanayofuata, na ukame ukija nini hutokea? Kujua mambo ya jirani yako kuna thamani kuliko kukariri dira ya kampuni kutoka kwenye tovuti.

Kuhusu safari: kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Embu ni kama 125. Mtihani wa saa mbili asubuhi huufiki salama kwa matatu ya alfajiri. Lala kwa jamaa usiku uliotangulia.

Anayekuomba pesa

Hakuna mwajiri halali anayetoza ada ya kuomba kazi, ya "kufungua faili", ya sare au ya kipimo cha afya kupitia nambari ya simu ya mtu binafsi. Hilo wengi wanalijua. Gumu zaidi ni yule mtu wa karibu, labda rafiki wa mjomba, anayesema ana mkono ndani na anahitaji "kitu kidogo cha kupitisha". Familia huuza ng'ombe kwa ajili ya mtu kama huyu. Sheria ya Hongo ya 2016 inamhesabu anayetoa na anayepokea kuwa wakosaji sawa. Kifungo chake hufika miaka kumi, au faini ya hadi shilingi milioni tano, au vyote viwili. EACC hupokea taarifa bila malipo kwa nambari 1551.

Ukiamini ulionewa katika uajiri wa kaunti, una njia. Ibara ya 232 ya Katiba inataka ushindani wa haki na ustahiki viwe msingi wa kuajiri, na kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinakuruhusu kukata rufaa kwa PSC dhidi ya uamuzi kuhusu uteuzi, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Kwa hiyo tunza tangazo, risiti ya kutuma maombi na kila ujumbe uliopokea. Rufaa isiyo na karatasi ni malalamiko tu.

Barua ikifika

Furaha isikufanye utie sahihi ukiwa umesimama. Angalia kituo cha kazi, maana mkurufunzi anaweza kupelekwa popote nchini. Angalia muda wa majaribio: kwa Sheria ya Ajira ya 2007 ni miezi sita kwa kawaida, na unaweza kuongezwa kwa kibali chako, ila jumla isizidi miezi 12. Uliza mkataba unasema nini kuhusu kazi baada ya ukurufunzi kwisha. Kama umenyamaza, pata jibu kwa maandishi. Na kama kuna kifungu kinachokutaka urudishe gharama za mafunzo ukiondoka mapema, uliza ni kiasi gani na kwa muda gani, kisha omba siku mbili uende kuusoma nyumbani pamoja na mtu aliyewahi kutia sahihi mkataba kabla yako.